Mke Shahidi, Mume Mshtakiwa: Kinga ya Ndoa katika Kesi za Ukatili wa Nyumbani

Kinga ya ndoa katika sheria ya ushahidi humpa mume au mke wa mshtakiwa haki ya kukataa kusimama upande wa mashtaka. Katika baadhi ya nchi kinga hiyo humzuia asisimame huko hata kama mwenyewe anataka. Ina matawi mawili. La kwanza linamhusu mtu: je, mwenzi wa mshtakiwa anaruhusiwa kuwa shahidi, na akiruhusiwa, anaweza kulazimishwa? La pili linayahusu maneno: je, yale waliyoambiana wawili hao ndani ya ndoa yanaweza kutolewa mbele ya hakimu? Shahidi anaweza kuwa huru chini ya tawi moja akabanwa na jingine, na mijadala mingi juu ya jambo hili hupotea njia kwa sababu matawi hayo huchanganywa mapema.

Kwa kesi za ukatili wa nyumbani, jibu la sheria ya Tanzania na la sheria ya Kenya ni moja. Mke aliyepigwa na mumewe, au mume aliyepigwa na mkewe, ni shahidi halali wa upande wa mashtaka na anaweza kulazimishwa kutoa ushahidi. Kinga haipo. Hata hivyo imani kwamba mke hawezi kumfunga mumewe imekita mizizi mitaani, vituoni, na wakati mwingine katika korido za mahakama zenyewe. Imani hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia mbali na Afrika Mashariki.

Sheria ya kale ya Uingereza iliwatazama mume na mke kama mtu mmoja. Mwanasheria Edward Coke aliandika mwaka 1628 kwamba mke hawezi kuletwa kuwa shahidi wa mumewe wala dhidi yake, kwa kuwa wawili hao ni roho mbili katika mwili mmoja, na kwa kuwa ushahidi wa namna hiyo ungeleta mfarakano usiopoa. Hoja ya mwili mmoja ilikuwa na udhaifu wa wazi: mwili mmoja ulipopigwa na nusu yake nyingine, nani angeshtaki? Miaka mitatu tu baadaye mahakama ililazimika kujibu. Mwaka 1631 Mervyn Touchet, bwana wa Castlehaven, alishtakiwa mbele ya mabwana wenzake kwa kumsaidia mtumishi wake kumbaka mkewe, pamoja na makosa mengine. Majaji waliamua kwamba ushahidi wa mke upokelewe, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyetendewa. Touchet alikatwa kichwa mwaka huohuo. Tangu hapo ilikubalika kwamba mke anaweza kusema dhidi ya mume aliyemdhuru mwili wake. Swali lililobaki, kama anaweza kulazimishwa kusema, Uingereza ilichukua zaidi ya karne tatu kulijibu.

Katazo la Coke halikuwa na ndugu yake katika sheria iliyokuwa ikifuatwa pwani ya Afrika Mashariki. Katika fikihi ya Kiislamu, shaka ya wanazuoni juu ya ushahidi wa jamaa ni upendeleo: mtu kumshuhudilia aliye wake. Wahanafi waliukataa ushahidi wa mwenzi kwa faida ya mwenzake; Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyozoeleka kutoka Lamu hadi Kilwa na Visiwani, waliukubali. Ushahidi dhidi ya aliye wako kwa kawaida hauingii katika shaka hiyo, na aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inaagiza uadilifu katika ushahidi hata ukiwa dhidi ya nafsi, wazazi au jamaa. Waingereza waliogopa mke atakayemwangusha mumewe, na wanazuoni waliogopa mke atakayembeba. Hofu hizo mbili haziwezi kuzaa kanuni moja.

Kanuni ya Kiingereza haikufika Afrika Mashariki moja kwa moja. Ilipitia Uhindini. Serikali ya kikoloni ilileta Kenya, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaleta Tanganyika, Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen. Stephen alikuwa amelipunguza sana katazo la zamani. Chini ya sheria yake mume na mke waliruhusiwa kuwa mashahidi katika kesi za jinai kama watu wengine. Kilicholindwa, katika kifungu cha 122, ni mawasiliano ya ndoa peke yake, na hata ulinzi huo uliondolewa pale mwenzi mmoja aliposhtakiwa kwa kosa alilomtendea mwenzake. Kwa maandishi, basi, sheria hiyo ya India ilimwachia mke aliyepigwa njia nyeupe.

Vitendo vilikwenda vingine, na kesi iliyoacha alama kubwa zaidi haikuhusu kipigo hata kidogo. Mwaka 1917 Jaji Mkuu wa himaya ya Afrika Mashariki, Robert Hamilton, alikabiliwa na rufani ya mtu aliyeitwa Amkeyo, aliyetiwa hatiani kwa mali ya wizi. Ushahidi muhimu ulitoka kwa mwanamke ambaye Amkeyo alisema ni mkewe kwa ndoa ya kimila, na hivyo maneno aliyomwambia yalindwe. Hamilton alikataa. Alisema uhusiano huo haustahili kuitwa ndoa kama watu waliostaarabika wanavyoielewa, na kwamba kuueleza kama ununuzi wa mke kungekaribia ukweli zaidi. Kwa hukumu hiyo mwanamke aliyeolewa kwa mahari ya ng'ombe alikuwa shahidi kama mpita njia. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Ubaguzi ulimnyima mke wa Kiafrika heshima ya ndoa, na kwa kumnyima heshima hiyo ukamfanya aweze kulazimishwa kusema lolote alilolijua. Mke wa Kizungu aliyeishi jirani naye alilindwa.

Hukumu ya Amkeyo ilifuatwa kwa miongo kadhaa, kisha ikaanza kumomonyoka kutoka pembeni. Katika rufani ya Mawji iliyotoka Tanganyika, ambayo hukumu yake ilichapishwa katika ripoti za 1957, Baraza la Malkia huko London liliamua kwamba kanuni inayosema mume na mke hawawezi kula njama wao kwa wao inahusu pia ndoa inayoruhusu wake wengi, mradi ni ndoa halali kwa sheria ya mahali. Mwaka 1967, katika kesi ya Alai, Jaji Mkuu wa Uganda Udo Udoma alisema wazi kwamba mwanamke aliyeolewa kimila ni mwanamke aliyeolewa. Wakati huo nchi zilizopata uhuru zilikuwa zimekwisha kuanza kutunga sheria zao: Kenya mwaka 1963, Tanzania mwaka 1967. Sheria zote mbili zilitamka kwamba mume na mke ni mume na mke, ndoa iwe ya mke mmoja au ya wake wengi, na ya Kenya ikataja ndoa za kimila kwa jina. Kwa hatua hiyo kinga ilirudishwa kwa wote. Ilirudishwa ikiwa na tundu lilelile ambalo Touchet alikatiwa kichwa kwalo.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, katika kifungu ambacho wanasheria wengi wamekizoea kwa namba 130, inaanza na kanuni ya jumla: mwenzi wa mshtakiwa anaruhusiwa kuwa shahidi wa mashtaka lakini halazimishwi. Mke wa mtu anayeshtakiwa kwa kuiba ng'ombe wa jirani anaweza kusema akitaka, na anaweza kunyamaza akitaka. Kisha kinakuja kifungu kidogo cha pili, chenye mambo mawili yanayoondoa hiari hiyo. Jambo la kwanza ni mashtaka yaliyo chini ya Sura ya Kumi na Tano ya Kanuni ya Adhabu, yaani makosa dhidi ya maadili, ambamo mna ubakaji na makosa mengine ya kingono, pamoja na makosa yaliyo chini ya Sheria ya Ndoa. Jambo la pili ni mashtaka ya kitendo kilichomgusa mwenzi mwenyewe, mwili wake au mali yake, au kilichomgusa mmoja wa wake wengine katika ndoa ya mitala, au watoto wa yeyote kati yao. Katika hali hizo mke ni shahidi kama shahidi mwingine yeyote. Akiletewa samansi anapaswa kwenda, na akifika anapaswa kujibu.

Kutajwa kwa wake wenza kunastahili kusifiwa. Mke mkubwa aliyeona mke mdogo akichomwa kwa maji ya moto hawezi kujificha nyuma ya ndoa yake.

Kenya ilichukua mkondo mkali zaidi. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinasema mwenzi wa mshtakiwa hataitwa kuwa shahidi isipokuwa kwa ombi la mshtakiwa mwenyewe. Halafu kinaorodhesha hali ambazo mwenzi anaweza kuitwa na kulazimishwa bila ridhaa ya mshtakiwa: kuoa au kuolewa mara ya pili kinyume cha sheria, makosa ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na kitendo kilichomgusa mwenzi huyo, mwili au mali, au watoto wa mmoja wao. Nje ya hapo, hapana. Tofauti na Tanzania ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nje ya orodha, mke wa Tanzania ana hiari ya kusema; mke wa Kenya hana hata hiari hiyo, kwa kuwa ufunguo uko mkononi mwa mshtakiwa. Kinga inayoshikwa na mshtakiwa ni vigumu kuiita kinga ya ndoa. Ni kinga ya mshtakiwa iliyovaa pete.

Ndani ya orodha nchi hizo mbili zinakutana, na ukatili wa nyumbani kwa sehemu kubwa umo ndani. Si wote. Sheria zote mbili ziliandikwa kana kwamba nyumba ya Afrika Mashariki ina baba, mama na watoto wao basi. Nyumba halisi ina mpwa aliyeletwa mjini kusoma, mama mkwe aliyekuja kutibiwa, shemeji anayetafuta kazi, na binti wa kazi anayelala sebuleni. Baba mwenye nyumba akimbaka binti wa kazi, mkewe anaweza kulazimishwa kutoa ushahidi, kwa kuwa makosa ya kingono yanamgusa mwathiriwa yeyote. Baba huyohuyo akimchoma binti huyohuyo kwa pasi, mambo yanabadilika. Binti wa kazi si mwenzi wala si mtoto wa mmoja wa wanandoa. Tanzania mke atakuwa na hiari ya kukaa kimya. Kenya, kwa maandishi ya kifungu cha 127, hawezi kuitwa na upande wa mashtaka hata akijitolea, mpaka mumewe aombe. Hali ya mama mkwe aliyepigwa ni hiyohiyo: mwanamke haruhusiwi Kenya kuieleza mahakama jinsi mumewe alivyompiga mama yake mzazi. Ni vigumu kupata sababu nzuri ya mpaka huo kupita pale unapopita. Ukatili ndani ya nyumba hauchagui kati ya mtoto wa kuzaa na mtoto wa dada.

Usiku mmoja unaweza pia kuzaa makosa ya pande zote mbili za mpaka. Mume anampiga mkewe. Jirani anaingia kuamua, naye anapigwa na rungu. Mashtaka yanakuwa mawili katika hati moja. Maneno ya sheria, yanayozungumzia kesi yoyote ambayo mshtakiwa ameshtakiwa kwa kitendo kilichomgusa mwenzi, yanaweza kusomwa kuwa yanamfungua mke kwa kesi nzima. Yanaweza pia kusomwa kwa kubanwa, kosa kwa kosa. Mwendesha mashtaka makini hatasubiri rufani impe jibu. Atamwongoza shahidi wake kwa utaratibu unaofaa usomaji wowote kati ya hiyo miwili.

Utaratibu huo una uzito wa pekee Tanzania. Mahakama ikiwa na sababu ya kuamini kwamba shahidi wa mashtaka ni mume au mke wa mshtakiwa, inapaswa kuhakikisha kwamba shahidi huyo ameelezwa hiari yake kabla hajasema neno, na iandike katika mwenendo wa shauri kwamba imefanya hivyo. Isipoandika, ushahidi haupokelewi, hata kama shahidi alisema kwa moyo mkunjufu na hata kama kila alilosema ni kweli. Sharti hilo haliwahusu waliomo katika kifungu kidogo cha pili. Hapo ndipo penye makosa ya aina mbili, na la pili halizungumzwi sana. La kwanza ni kusahau onyo katika kesi ya mauaji ya jirani na hivyo kuupoteza ushahidi. La pili ni kumpa onyo mke aliyepigwa. Hakimu anayemwambia mwanamke mwenye jino lililong'oka kwamba ana haki ya kutosema dhidi ya mumewe anampa hiari ambayo Bunge halikumpa, tena anampa huku mume akimtazama kutoka kizimbani.

Tawi la pili la kinga, la maneno, halisumbui sana katika kesi hizi, kwa hiyo linaweza kupitwa haraka. Kifungu cha 130 cha sheria ya Kenya kinalinda mawasiliano ya ndoa lakini kinayaondoa mashauri kati ya wanandoa wenyewe na hali zilezile zilizotajwa katika kifungu cha 127. Mume aliyesema "nitakuua" kabla ya kumpiga mkewe hawezi kudai kwamba maneno hayo ni siri ya ndoa. Nje ya hali hizo, mfano unaofundishwa sana unatoka India, kesi ya Ram Bharosey ya 1954. Mke alimwona mumewe alfajiri akishuka kutoka darini, akaoga, akavaa tena nguo zilezile. Mahakama Kuu Kabisa ya India ilipokea alichokiona na kukataa alichoambiwa. Macho ya mke hayana kinga; masikio yake ndiyo yenye kinga.

Linalobaki ndilo gumu. Sheria imempa mwendesha mashtaka nguvu ya kumlazimisha mwathiriwa, lakini haikusema lini ni busara kuitumia. Uingereza ilikwenda huku na huku juu ya jambo hili. Katika kesi ya Lapworth, ambayo hukumu yake ilichapishwa katika ripoti za 1931, iliamuliwa kwamba mke aliyepigwa analazimika. Mwaka 1978, katika rufani ya Hoskyn, Baraza la Mabwana liliigeuza hukumu hiyo. Hoskyn alikuwa amemjeruhi mwanamke, kisha akamwoa siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, na mke huyo mpya akasema hataki kutoa ushahidi. Wengi kati ya majaji walisema ndoa ina utakatifu wake na mke asilazimishwe. Jaji mmoja, Lord Edmund-Davies, alipinga, akisema ukatili wa namna hiyo ni jambo la umma na si la wanandoa peke yao. Bunge lilimsikiliza yeye: sheria ya polisi na ushahidi wa jinai ya 1984 ilirudisha ulazima kwa kesi za kumdhuru mwenzi au mtoto aliye chini ya miaka 16.

Hoja ya Edmund-Davies ina nguvu ambayo wapinzani wake huipuuza. Hiari ya kukataa inapokuwepo, mume anajua kwamba hiari hiyo ni mlango, na atausukuma. Ndugu zake watausukuma. Wazee watakuja na swali linalojulikana kila wilaya: utamfungaje baba wa watoto wako? Mwanamke anayeweza kujibu kwamba si yeye aliyeamua, kwamba ameletewa samansi na serikali na asipokwenda atakamatwa, ana ngao. Lawama inahama kutoka kwake kwenda kwa Jamhuri. Kwa upande wa utafiti, ukubwa wa tatizo hauna ubishi: uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa 2015–16 uliona kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupata ukatili wa kimwili tangu wafikie miaka 15, na uchunguzi wa Kenya wa 2022 ukaona asilimia 34. Wanaosimama kizimbani kulisema jambo hilo ni wachache mno kulinganisha na hesabu hizo.

Lakini ngao hiyo ina makali upande wa ndani. Shahidi aliyelazimishwa akifika na kukataa kujibu, mahakama ya Kenya inaweza kuahirisha kesi na kumweka rumande hadi siku 8 kwa wakati mmoja, na Tanzania ina utaratibu unaofanana na huo. Mtu aliyepigwa analala mahabusu ili aliyempiga afungwe. Jimbo la California liliona upotovu wa jambo hilo na kuzizuia mahakama zake zisimfunge mwathiriwa wa ukatili wa nyumbani kwa sababu ya kukataa kutoa ushahidi. Huo ni mpangilio unaoonekana kuwa na akili: wajibu unabaki katika maandishi, ili mwanamke awe na la kuwaambia wakwe, na jela inaondolewa.

Mara nyingi shahidi hakatai waziwazi. Anakuja, anaapa, anasema alianguka bafuni. Upande wa mashtaka unaweza kuomba atangazwe kuwa shahidi aliyeugeuka upande uliomwita, kisha asomewe maelezo aliyoyaandika polisi siku ile uso wake ukiwa umevimba. Hapo mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa baridi. Katika hukumu za Alowo ya 1972 na Batala ya 1974, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliuona ushahidi wa shahidi aliyegeuka kuwa wenye thamani ndogo mno. Maelezo ya polisi yanaweza kuvunja uaminifu wa anachosema sasa. Hayachukui nafasi ya ushahidi wenyewe. Kesi iliyojengwa juu ya mdomo wa mtu mmoja huanguka mdomo huo ukifungwa.

Dawa ni kutoijenga hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ofisi ya mwanasheria wa jiji la San Diego, Marekani, ilianza kuandaa kesi za ukatili wa nyumbani kana kwamba mwathiriwa hatafika, kama ambavyo kesi ya mauaji huandaliwa. Picha za majeraha zilipigwa usiku uleule. Meza iliyopinduka ilipigwa picha. Simu ya dharura ilihifadhiwa. Mahakama za Marekani baadaye ziliweka mipaka. Katika kesi ya Crawford ya 2004, mke alizuiwa na kinga ya ndoa ya jimbo la Washington asitoe ushahidi, upande wa mashtaka ukacheza kanda ya maelezo yake, na Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikasema mshtakiwa amenyimwa haki ya kumhoji shahidi aliyeletwa dhidi yake. Mwaka 2006, katika kesi ya Davis, mahakama hiyohiyo ilitofautisha kilio cha kuomba msaada wakati hatari inaendelea, kinachopokelewa, na maelezo anayochukua polisi mambo yakishatulia, yasiyopokelewa kama mshtakiwa hawezi kumhoji aliyeyatoa.

Tofauti hiyo ina mzizi wa zamani katika sheria ambayo Afrika Mashariki imeirithi pia. Maneno yaliyotamkwa katika tukio lenyewe ni sehemu ya tukio. Mfano maarufu ni rufani ya Ratten kutoka Australia, iliyoamuliwa na Baraza la Malkia mwaka 1971: mwanamke alipiga simu akilia aunganishwe na polisi, na dakika chache baadaye alikuwa amekufa kwa risasi ya mumewe, aliyedai bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Mhudumu wa simu aliruhusiwa kueleza alichosikia. Jirani wa Manzese au Kawangware aliyesikia kupitia ukuta "ananiua, njooni" yuko mahali pa mhudumu yule. Pia sheria ya Tanzania na ya Kenya, kila moja katika kifungu cha 143 kwa hesabu iliyozoeleka, inasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayohitajika kuthibitisha jambo. Jirani mmoja anayeaminika, fomu ya polisi ya matibabu iliyojazwa na daktari aliyemwona majeruhi saa chache baada ya kipigo, na askari aliyeona damu mlangoni vinaweza kutosha bila mke kufungua mdomo. Madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi vya Tanzania yana nafasi ya kuufanya ukusanyaji huo kuwa desturi. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu kidogo kuliko sheria: daktari aliyejaza fomu kwa mwandiko usiosomeka, kisha akahamishwa wilaya.

Na pale mwathiriwa asiporejea tena akiwa hai, maneno yake ya mwisho juu ya aliyemdhuru hupokelewa. Afrika Mashariki haikudai, kama Uingereza ilivyodai, kwamba msemaji awe amekata tamaa ya kuishi wakati anasema. Mahakama za rufani, tangu hukumu ya Pius Jasunga ya 1954, zimeonya tu kwamba ni hatari kutia hatiani kwa maneno hayo peke yake bila ya kitu cha kuyaunga mkono.

Kesi nyingi hazifiki huko kote. Zinaishia katika mlango ambao sheria ya mwenendo wa jinai yenyewe imeuacha wazi. Tanzania na Kenya zote zinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shauri la shambulio la kawaida au kosa lenye sura ya binafsi, na kifungu cha 176 cha Kenya kinaweka mpaka kwamba kosa lisiwe kubwa wala lisiwe limezidishwa uzito. Mlango huo una manufaa yake kwa majirani waliogombania mpaka wa shamba. Kwa wanandoa unafanya kazi nyingine. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 imetamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa viboko, lakini kipigo kile kile, kikiitwa shambulio la kawaida, kinaweza kurudishwa nyumbani kumalizwa na washenga na wajumbe, faini ikalipwa kwa ukoo, na faili likafungwa. Ushahidi ambao Bunge lilisema unalazimishwa unaondoka mahakamani bila mtu yeyote kutaja neno kinga. Hakimu anayeulizwa kama manufaa ya umma yanadai adhabu anaweza kwanza kuuliza kama majirani wamewahi kuitwa kuamua nyumba hiyohiyo.

Upande wa madai, ambako mume na mke wote wanaruhusiwa kuwa mashahidi bila masharti haya, njia ni nyepesi zaidi. Katika shauri la talaka Tanzania, ukatili wa mwenzi ni moja ya mambo ambayo mahakama huyapokea kuwa dalili kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutoweza kurekebishwa, na mlalamikaji huyaeleza mwenyewe. Kenya, Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya kumlinda mwombaji, na haiishii kwa wanandoa: inawafikia pia wanaoishi katika nyumba moja. Binti wa kazi na mama mkwe, waliosahauliwa na kifungu cha 127, wanaingia hapo, na mke wa mwenye nyumba anaweza kuwashuhudilia.